Aliyekula Mega Zangu

Waliokosa gazeti la wiki iliyopita, kaeni karibu niwape kwa ufupi. Kwa urefu siwezi, nimeshalia vya kutosha.

Mimi ni Wivine, mtu wa Butembo. Nilimfuata mume wangu Nzanzu mpaka Kashebere, pale Walikale inapogusana na Masisi, tukafungua duka la chumvi na sabuni. Vita ikachukua Fuso yetu kwanza, halafu ikarudi kuchukua duka. Nzanzu akakwama Butembo, barabara imekatika. Nikabaki mimi, plaki moja ya umeme wa jua, na mashini, kompyuta ambayo Hubert, bwana shamba wa shirika fulani, aliniuzia siku aliyokimbia.

"Mama Wivine," aliniambia, "hii ordinatère haiko na Windows. Iko na Linux. Virus haiiweze."

Virusi kweli havikuiweza. Mimi ndiye niliyewezwa.

Hiyo mashini ndiyo iliyonilisha. Watu wa Masisi walikuwa wanashuka kila wiki na magodoro kichwani, na kila mmoja ana mtu wake aliyekimbilia upande mwingine, Goma, Minova, hata Uganda. Kwenye telefone unamwona ndugu yako mdogo kama kidole. Kwangu familia nzima inakaa kwenye benchi, inamwona kwenye kioo kikubwa, anacheka, anapangusa machozi. Tuliita kazi hiyo "kuonana". Watu walikuja wamevaa nguo za kanisa.

Telefone yangu inavuta internet, mashini inakunywa kwenye telefone. Sasa mega, zile megabaiti za internet ninazolipia, zikaanza kupotea. Asubuhi naweka forfait, kifurushi cha internet, kabla ya mchana telefone inaniandikia kwamba forfait imekwisha, na mimi sijaonesha mtu hata mmoja. Nani amekula? Nilitafuta mpaka nikachoka.

Wiki iliyopita niliwaacha siku ile ya Mama Généreuse. Binti yake alikuwa kambini Goma, amezaa, anageuza telefone ili bibi amwone mjukuu. Picha ikaganda. Mama Généreuse akabaki anaangalia kipande cha hema, na mjukuu hakutokea. Mega zimekwisha.

Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Nikasema mbele ya benchi nzima, "Mu hii nyumba kuko muntu anakula mega yangu."

Mama Généreuse akauliza, "Asubui nani anabakiaka na mashini?"

Nikajibu, "Straton."

Sikusema kingine. Straton alikuwa mtu wa Muheto kule Masisi, baba wa watoto, alikimbia na mke wake Euphrasie, na mimi mwenyewe nilimpa kazi ya kufungua nyumba asubuhi na kuchaji vyombo. Lakini wanasema Kinyarwanda, yeye na mke wake. Na wakati ule, mtu wa Kinyarwanda anayebaki peke yake na mashini, mashini inayoongea na mahali pasipojulikana, alikuwa na jina moja tu mdomoni mwa watu: mpelelezi. Jua lilikuwa bado halijazama. Vijana wa commandant Kasika, wale wenye silaha wa pale kwetu, walimfunga mikono wakampeleka kwenye bariere yao, kizuizi cha barabarani.

Hapo ndipo tulipoachana. Sasa tuendelee.

Asubuhi yake Euphrasie alisimama mlangoni pangu. Nilitegemea matusi, nikayasubiri kabisa. Hakunitukana.

"Mama Wivine, Straton aliiba?"

"Sijui, dada."

"Wewe njo ulisema."

"Nilisema anabakiaka na mashini. Sikusema aliiba."

"Wao walisikia aliiba. Walisikia na ingine mubaya kupita kuiba." Akaketi kwenye benchi bila kukaribishwa. "Kasika anasema leo magaribi wanamupeleka Mpofi. Unajua wale walipelekaka Mpofi?"

Nilijua. Hakuna aliyerudi kutusimulia.

"Basi kama haujue," akasema, "tafuta mpaka ujue. Mimi niko hapa, sitoke."

Akanipa katelefone kake ka torche. Kulikuwa na unités, salio la kupigia, ambazo Straton alinunua kabla ya kukamatwa. Nikampigia mdogo wangu Naomie, anasoma informatique, mambo ya kompyuta, kule Butembo. Telefone yangu mwenyewe nilikuwa nimeiunga na mashini kwa kable kama siku zote.

Nikamweleza Naomie kwa mbio. Akasema, "Kwanza ufunge vyote. Firefox, filimu, vyote."

"Nimefunga. Hata mulango ya nyumba nimefunga."

"Mulango uache, dada, ile haikulake mega. Sasa angalia telefone. Kuna mishale mbili kule juu, ya kupanda na ya kushuka. Zinafanya nini?"

"Ile ya kushuka haipumziki."

"Hakuna muntu amegusa?"

"Euphrasie iko ku benchi. Mimi niko nakuongelesha."

Halafu akaniambia nifungue ile fenêtre nyeusi, dirisha la kuandikia amri, ambayo Hubert alinikatazaga kuigusa. Akanisomea herufi moja moja, nikaandika kwa kidole kimoja. Nikakosea. Nikaandika tena. Mungu mkubwa, Hubert alikuwa ameacha humo kaprogramu ka kuonyesha nani anakula internet, inaonekana mega zake pia zilimtesa.

Majina yakajipanga kwenye kioo, na mbele ya kila jina namba. Yote yalikuwa sifuri. Moja tu, la juu kabisa, namba yake ilikuwa inapanda na kupanda.

"Nisomee lile jina," Naomie akasema.

Nikamsomea herufi kwa herufi, maana kulitamka sikuweza.

Nilisikia anacheka. Sijasikia mtu akicheka hivyo tangu vita ianze.

"Dada, ile iko mise à jour. Mashini inavuta programu zake mupya, inajitengeneza. Hakuna mwizi."

"Nani aliituma?"

"Inajituma."

"Na juu ya nini mbele haikufanyaka vile? Miezi yote ile ilitulia."

"Mbele ulikuwa unaunga na kable?"

Mbele nilikuwa natumia wifi ya telefone. Lakini vijana wa nje walijua mot de passe, lile neno la siri, walikuja kukaa chini ya dirisha langu na kunyonya. Mimi nikajiona mjanja. Nikazima wifi, nikanunua kable. Nilisema kwa mdomo huu huu kwamba sasa mega zangu zinapita ndani ya kamba, na kamba iko mkononi mwangu.

Naomie akanieleza polepole. Hubert alikuwa ameandika ndani ya mashini kwamba wifi ya telefone ni ya kulipia, kwa hiyo mashini ilijizuia. Ilipoona kable, ikafikiri iko kwenye bureau ya Goma, mahali internet inalipwa na bosi. Ikaanza kula bila haya.

Kumbe kufuli niliyoweka kwa ajili ya mwizi ndiyo iliyomfungulia.

"Na sikiliza," Naomie akasema. "Muntu mwenye kutuma habari, mushale yake inapanda. Hii inashuka. Hakuna kitu inatoka mu nyumba yako. Straton hana kosa. Sasa usiguse kitu. Uache ikule vile vile. Wite Kasika akuje, aone na macho yake mega zinaenda na hakuna mukono."

"Nimesikia."

"Usifunge ile tundu ya mega, dada."

"Nimesikia, Naomie."

Nilikata simu. Euphrasie alikuwa ameshasimama, amefunga kitenge vizuri, tayari kukimbia kumwita Kasika. Nikamwambia, "Enda, mbio." Akaenda.

Nikabaki na ile namba.

Ilikuwa inapanda. Forfait ile nilikopeshwa na mtu asiye na subira, na ilikuwa ya mwisho. Jioni kuna familia ya Nyabiondo inakuja kuonana na baba yao. Mimi nimezaliwa dukani. Kwetu gunia la mchele likitoboka, hakuna anayeita majirani waje watazame mchele unavyomwagika. Mkono unaenda wenyewe kwenye tundu.

Mkono wangu ulienda wenyewe.

Naomie alikuwa amenionyesha mahali, pale panapouliza kama connexion hii ina mipaka, yaani ni ya kulipia. Nikabonyeza, ndiyo, ina mipaka. Namba ya juu ikashuka mpaka sifuri. Mshale ukazimika. Naapa, wasomaji wangu, nilifurahi. Nilikaa kwenye kiti nikapumua, nikajiambia leo Wivine umeweza jambo.

Euphrasie alirudi peke yake. Kasika amekataa kuja. Anasema yeye haifuati mashini nyumbani kwa mtu, mashini ndiyo imfuate kwake.

Nikabeba mashini kifuani kama mtoto mchanga, Euphrasie akabeba batri, tukaenda kwenye bariere.

Watu walikuwa wamejaa. Mama Généreuse alikuwepo, amekaa mbele. Straton alikuwa amefungwa kwenye nguzo ya bariere, shati limechanika, mdomo umevimba. Alimwangalia mke wake, kisha akaniangalia mimi.

"Mama Wivine," akasema, "ufunguo ya nyumba niliacha ku mwamba ya dirisha. Vile haukuniuliza, niliogopa utavunja mulango."

Mtu amefungwa kwa neno langu, anafikiria mlango wangu.

Kasika alikaa kwenye kiti cha mbao. Ni mtu wa msitu, mwindaji tangu zamani, kabla hajaitwa commandant na mtu yeyote. Jumapili anasali, lakini hakati shauri bila kumwaga kwanza pombe ya ndizi chini kwa ajili ya wakubwa wake waliokufa. Kiunoni alikuwa na motorola, ile redio ya kuwaita vijana wake. Watu walimwogopa, lakini nitasema kweli, hawakumwita mwongo.

"Papa Kasika," nikaanza, "nimemujua mwenye kukula mega. Njo hii mashini."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Mashini iko na tumbo?"

Nikamweleza yote. Linux, kable, bureau ya Goma. Nikaona maneno yangu yanaanguka njiani kabla ya kumfikia. Nikamweleza mshale.

"Mushale inashuka, Papa. Vitu vinaingia, havitoke. Mupelelezi anatuma. Hapa hakuna mwenye kutuma."

Akawaza. "Na amri za wakubwa wa huyo mupelelezi," akauliza, "zinamufikia kupitia wapi? Si zinaingia?"

Naomie hakunipa jibu la hilo.

"Basi," akasema, "ikule tuone."

Nikafungua mashini juu ya meza ya bariere. Nikaunga telefone. Fenêtre nyeusi ikatokea, majina yakajipanga. Yote sifuri.

"Haikule," Kasika akasema.

"Niliifunga, Papa. Nilifunga tundu."

"Uliifunga."

"Mega zilikuwa zinaisha."

Nilisikia Euphrasie anavuta pumzi nyuma yangu. Sikugeuka.

Mama Généreuse ndiye aliyesema. Wala hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. "Mbele mega zilikuwa zinapotea kila asubui. Leo asubui Straton iko hapa, na mega zimetulia. Sisi tunaona tu hiyo."

Watu wakasema, njo vile. Hata mtoto angeelewa hesabu hiyo.

"Mutulie," Kasika akasema. Akanigeukia. "Mama, nguruwe ya pori akikula muhogo yako, unategaka. Ukikamata moja, hauseme bado njo yeye. Unarudi mu shamba, unaacha muhogo wazi, unakaa mbali, unaangalia. Kama muhogo inalika tena, uliua nyama ya bure. Kama hailike, ulikamata yule yule. Baba yangu alinifundisha vile, na baba yake."

"Ndiyo, Papa."

"Basi fungua ile tundu yako. Rudisha vyote ginsi vilikuwa. Tutaangalia mpaka jua inaingia. Mega zikiliwa, nakata kamba ya Straton mimi mwenyewe. Hakuna muntu anagusa mashini. Hata wewe."

Ilikuwa haki. Sijawahi kuona haki kubwa hivyo kwenye bariere yoyote ya nchi ile. Nilitaka kumpigia magoti. Nikarudisha pale pa mipaka, nikabonyeza, hapana, haina mipaka. Nikaondoa mikono yangu, nikaificha ndani ya kitenge ili watu wote waone.

Tukangoja.

Sifuri.

Nilimwomba Kasika ruhusa ya kuongea na mdogo wangu. Akakubali, lakini niongee kwa sauti. Naomie akajibu haraka.

"Nimefungua tena," nikamwambia. "Itaanza saa ngapi?"

"Ulikuwa umeifunga?"

Nikarudi kuitazama ile sifuri.

"Dada, nilikuambia."

"Ndiyo, uliniambia. Saa ngapi, Naomie?"

"Haina saa. Inaamkaka vile inataka. Inaweza kuwa sasa hivi, inaweza kuwa kesho. Ulikatisha mu katikati, itajaribu tena, lakini itajaribu kwa saa yake." Akaharakisha. "Unaweza kuilazimisha. Bonyeza ku mise à jour, pale pa kutafuta, itakula mara moja."

Nikamwangalia Kasika. Alikuwa amesikia.

"Papa, nikibonyeza hapa moja tu, utaona."

"Ukibonyeza, njo wewe umekula."

"Lakini ni kitu kile kile, Papa."

"Nikiingia mu shamba na kukata muhogo na mupanga, nitasema nguruwe amerudi?"

Watu wakacheka tena, na safari hii alitabasamu kidogo. Unités za Straton zikakatika hapo hapo. Euphrasie akachukua katelefone kake mkononi mwangu, akakashika kifuani bila sababu yoyote.

Jua likapita juu ya vichwa vyetu. Wanawake waliotoka mashambani walitua vikapu vyao, wakauliza kuna nini, wakaambiwa, wakakaa. Mtu akaanza kuuza mahindi ya kuchoma. Nilikuwa nimekazia macho ile namba ya juu mpaka yakatoa maji. Nilianza kuongea na mashini moyoni. Kula. Kila asubuhi ulikula nilipokuwa sitaki, ulikula chakula changu, ulikula mjukuu wa Mama Généreuse. Leo nakuomba mwenyewe, nakupa yote, kula.

Straton aliona nalia.

"Itakula, Mama," akasema. "Asubui nilikuwa naonaka telefone inapata moto, na hakuna mwenye anaigusa. Nilifikiri batri inazeeka. Ningekuambia."

"Straton, unisamehe."

"Itakula," akarudia, kama mtu anayetuliza mtoto wa mwenzake.

Mara moja namba ikatikisika.

Watu wote waliinuka. Sifuri ikawa moja, ikawa tatu. Nikapiga kelele, "Papa, angalia." Kasika akainama. Ikawa mbili. Ikarudi sifuri. Ikakaa hapo.

"Hiyo njo kukula?" Kasika akauliza.

Ningesema ndiyo. Ningedanganya, na nani angejua? Lakini alikuwa ananiangalia usoni, na nilijua kwamba kitu kile ni pumzi tu ya mashini, hakikuwa mlo. Midomo ilikataa.

"Imenusa tu," akajijibu mwenyewe. "Nyama yoyote inanusaka. Haikukula."

Akakaa tena. Euphrasie aliniangalia, na macho yale nimelala nayo siku nyingi. Yalikuwa yananiuliza kwa nini uongo ulinishinda leo, wakati neno la jana halikunishinda.

Jua likashuka nyuma ya msitu. Kasika akasimama. Akamwaga pombe ya ndizi chini, akanong'ona majina ya wakubwa wake, akasema kwa sauti ili watu wote wasikie.

"Tumefungua shamba. Tumekaa. Muhogo haikulika. Mashini haiko na kosa, Mama Wivine haiko na kosa. Tulikamata yule yule. Apelekwe Mpofi."

Nilijitupa miguuni pake. Nilisema yote, nikachanganya Kiswahili na Kinande, nikataja Mungu na Bikira Maria, nikasema nifungeni mimi. Akaniinua kwa mkono, kwa upole.

"Mama, nimesema mbele ya watu na mbele ya wakubwa. Imekwisha."

Straton hakupiga kelele. Walipomfungua kwenye nguzo wakambeba mpaka kwenye moto, ile pikipiki yao. Wakamweka katikati, kijana mmoja mbele na mwingine nyuma na bunduki. Alimwambia Euphrasie kitu kwa Kinyarwanda, kifupi. Sikielewi mpaka leo, na sijathubutu kumuuliza.

Moto ikawaka, ikateremka barabara ya Mpofi. Euphrasie akaikimbilia. Watu wakamkimbilia yeye, wengine kumshika, wengine kuona tu. Mama Généreuse alikimbia pia, anamwita, analia. Bariere ikabaki tupu. Tulibaki Kasika na mimi, na mahindi yaliyoachwa kwenye makaa.

Nikainuka nichukue vyombo vyangu. Mikono nilikuwa nimeirudisha ndani ya kitenge. Sikuwa nimefika mezani.

Nikasikia mashini inavuma. Kale kafeni ka ndani, kanakopuliza ikifanya kazi nzito, kalikuwa kameanza.

Nikaangalia kioo. Jina lile la juu. Namba haikuwa moja, haikuwa tatu. Ilikuwa inapanda, inapanda, mamia juu ya mamia, na kwenye telefone ule mshale wa kushuka ulikuwa umewaka.

"Papa Kasika."

Alikuja. Akainama. Kusoma majina hajui, lakini namba anazijua, amehesabu risasi maisha yake yote. Akaangalia mikono yangu. Akaangalia kable. Akaiangalia namba muda mrefu, inapanda bila mkono wa mtu.

Muhogo ulikuwa unaliwa mbele ya macho yake.

Moto tulikuwa bado tunaisikia. Ilikuwa inapanda kale kamlima ka kwanza, inalia kwa uzito wa watu watatu. Haikuwa mbali. Mtu mwenye sauti angeita, na mtu mwenye motorola hakuhitaji hata sauti.

"Papa," nikasema, "waite. Wapigie, warudi. Umeona mwenyewe. Ulisema utakata kamba."

Mkono wake ulienda kiunoni, kwenye motorola. Niliuona. Ulikaa pale juu ya kile chombo, vidole vimekishika. Akaangalia barabara walikokwenda watu wote waliomsikia akihukumu. Akaangalia chini, pale pombe ilipokuwa bado haijakauka.

Kisha mkono ukatoka kiunoni. Akaushika mfuniko wa mashini, akaufunga taratibu, kama unavyofunga mlango wa chumba cha mtu aliyelala. Kavumo kakakoma.

Kule mlimani moto ilikuwa imepita upande wa pili.

Kasika akageuka, akanisogelea, akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa:

"Mama Wivine, nani mwengine ameona hii?"